Vunjajungu Kwenye Ukuta wa Kijani

Simu ilipoita, nyumba ya Bi Mwanakombo, ghorofa ya kumi na moja pale Tanga, ikajipaka rangi yenyewe. Hakuna aliyeshika brashi. Kijani cha majani mabichi kilipanda kutoka sakafuni hadi darini kabla mlio wa pili haujaisha.

Hizo ni kuta-hisi, na aliyezibuni ni bintiye, mhandisi Hidaya, aliyekuwa mwaka wa tatu kituoni Mwezini. Husikiliza pumzi na nyayo za mwenye nyumba. Akifurahi huwa kijani. Akiwa na majonzi huwa kahawia. Lakini Hidaya, mtoto aliyefunzwa akafunzika, alizitia na adabu: mtu akikujulia hali, anza na salama. Kwa hiyo kila simu ilipopigwa, zilimpokea kwa kijani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za huko?"

"Salama tu. Sisi wazee tuna nini?"

Hidaya akacheka, roho ikamtulia. Kisha, kwenye kioo cha simu, akamwona Maringo, vunjajungu aliyemwagizia mama yake ampunguzie upweke, akipanda ukutani kwa mwendo wake wa kuyumbayumba. Siku zote alikuwa kijani. Leo alikuwa kahawia kama jani kavu la mgomba.

"Mama, mbona Maringo kabadilika?"

"Aa, mdudu huyo! Kajivua gamba juzi. Mwache na mambo yake."

Lo! Hidaya hakuridhika. Vunjajungu si kinyonga. Hageuki kwa dakika. Huzoea polepole mwanga na rangi za mahali anapoishi, na mara nyingi hungoja mpaka ajivue gamba ndipo atoke na rangi mpya. Wala hakuna aliyemfunza adabu. Kama katoka kahawia, basi kuta zile zimeshinda kahawia siku nenda siku rudi, zikawa kijani kwa dakika kumi za simu tu.

"Kuta," akasema, "acheni adabu."

Amri ilichukua sekunde moja na ushei kushuka kutoka Mwezini. Kijani kikanywea. Chumba kizima kikawa kahawia, na Maringo akapotea machoni palepale aliposimama.

"Mbona unanivua nguo, mwanangu?" Bi Mwanakombo akajivuta kanga mabegani.

"Mficha uchi hazai, mama. Wewe ndiye uliyenifunza. Tangu lini?"

"Tangu tumzike Riziki, mwezi sasa."

Riziki, jirani aliyekunywa naye kahawa kila alasiri kwa miaka arobaini!

"Uliniambia kasafiri."

"Ningesemaje, nawe uko huko juu na kazi za watu?"

Hidaya akalia waziwazi. Mwezi mzima mama yake alikuwa akilia ndani ya chumba kilichojua kila kitu, na yeye ndiye aliyekifundisha kumficha.

Akapangusa machozi, akaanza upya, kana kwamba simu ndiyo kwanza imeita.

"Shikamoo, mama. Habari za huko?"

Bi Mwanakombo akaziangalia kuta za kahawia.

"Si njema, mwanangu," akasema. "Njoo."