Mahari ya Bungoma

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, duka kubwa la Mavuno mjini Kitale lilikuwa limejaa hadi mlangoni, na ndipo mashine za kulipia zilipoamua kufa zote kwa pamoja. Huyu ameshika unga, yule mafuta, mama mmoja ana mtoto mgongoni na ndoo mpya kichwani, na wote wanamkodolea macho Chepkemei kana kwamba ndiye aliyezizima.

Chepkemei ndiye aliyetunza kompyuta za tawi hilo. Siku hiyo alivaa blauzi nyeupe na sketi nyeusi iliyomkaa vizuri kiunoni, lakini hofu haijali mavazi. Jasho lilimtoka mgongoni. Watu wa Dhamana walikuwa wamebadilisha neno la siri la seva, kompyuta mama inayoziendesha mashine zote, wiki hiyo, na hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Hao Dhamana walikuwa kampuni ya Nairobi iliyonenepa kwa kuuza programu zilizofungwa, ambazo mnunuzi haruhusiwi hata kuchungulia ndani. Wafanyakazi waliwaita watu wa kufuli. Mavuno ilipohamia programu huria, zile za bure ambazo yeyote anaweza kuzifungua na kuzirekebisha, watu walidhani Dhamana watanuna. Hawakununa. Walikuja kuuza huduma: programu ni ya bure, lakini ikiwasumbua, tulipeni tuje.

"Hao wanauza maji ya mvua," alisema Nelima wa kaunta, rafikiye Chepkemei, na mwaka huo wa 2006 hakuna aliyembishia.

"Sista," sauti ikatoka kwenye foleni. "Andika karamu."

Alikuwa kijana mrefu, shati la samawati limenyooka kwa pasi, mkate chini ya kwapa.

"Wewe ni nani?"

"Wakhungu, wa Dhamana. Nimefika sasa hivi kutoka Bungoma, nikasema wacha ninunue mkate kwanza. Neno la siri ni karamu."

Chepkemei akaandika. Seva ikakataa. Akaandika tena. Ikakataa.

"Pole pole," Wakhungu akanong'ona, naye uso umeanza kulowa. "Ukikosea mara ya tatu inajifunga kabisa."

Vidole vya Chepkemei vikaganda hewani. Akamgeukia. "Hebu ngoja. Karamu ya kula, ama kalamu ya kuandika?"

"Ya kuandikia, bana! Karamu!"

Akaandika *kalamu*. Mashine zikalia kote dukani, na foleni ikapiga makofi.

"Watu wa Bungoma mtatuua na hiyo r yenu," Chepkemei akasema, akicheka kwa shida.

"Na nyinyi watu wa mlimani, si mnasema 'karipu' mkitaka kusema karibu? Tuko sare."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Haukupita muda mtaa mzima wa Tuwan, alikopanga chumba Chepkemei, ukajua kwamba simu yake hulia kila jioni.

"Sasa, mlima wangu?"

"Poa, kufuli yangu. Umekula?"

"Nimekula, lakini sijashiba. Sijakuona."

"Wacha uongo. Ugali ya kwenu inashibisha hata ng'ombe."

Wakhungu alikuja Kitale mara kwa mara. Alikuwa amelelewa kwenye programu zilizofungwa, hizi za wazi alikuwa bado anajifunza, naye hakuficha. Chepkemei alimwonyesha jinsi alivyozirekebisha mashine zikubali kuchapa risiti, na wapi zilipenda kukwama. Alimpa yote. Kisha usiku ukija, usingizi unamkimbia.

Nelima ndiye aliyemwagia petroli. "Shoga, mtu wa kufuli akikupenda, jua anatafuta ufunguo. Akishajua yote unayojua, wewe ni wa nini?"

Toka hapo aliogopa. Aliogopa simu ikilia na akaogopa zaidi isipolia. Alimpenda Wakhungu kwa moyo wote, na hakujua kama huyo mtu anampenda yeye au anapenda anachokijua.

Siku moja alikwenda stoo kumwita anywe chai. Akamsikia nyuma ya magunia ya sukari, anaongea na simu.

"Ndiyo, mkubwa. Mahari ya Bungoma imekubariwa. Nimefurahi sana. Lakini huyu wa Kitale asijue kwanza, nitamwambia mwenyewe."

Kumbe kuna wa Bungoma! Tena wameshafika kwenye mahari! Chepkemei akarudi kinyumenyume, chai ikimwagika kwenye kiatu, na hakusikia hata kama imemchoma.

Simu aliipuuza siku kadhaa. Mwishowe akaipokea.

"Chepkemei, nimekosa nini?"

"Uliza Bungoma."

"Kumbe umesikia? Nilitaka nikuambie mwenyewe, mpenzi."

"Kwa hivyo ni kweli? Mahari imekubaliwa?"

"Imekubariwa, ndiyo! Ni mahari nzuri sana, Chepkemei. Nimeipigania kweli kweli. Si ufurahi na mimi?"

"Nifurahi?" Akakata simu, akajifunika blanketi, akalia mpaka jirani akagonga ukuta kumuuliza kama kuna msiba.

Wiki iliyofuata meneja wa tawi, Bwana Mukhisa, akamwita ofisini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Chepkemei alipanda zile ngazi akijua anakwenda kuachishwa kazi: ufunguo umeshachukuliwa, mlango wa nini tena?

"Keti, binti yangu. Nina habari njema. Umepata mahari Bungoma."

Chepkemei akamtazama. "Nimepata nini, mzee?"

"Mahari! Makao makuu inafungua ofisi ya kompyuta Bungoma, ya kuhudumia matawi yote ya huku. Huyo kijana wa Dhamana ametusumbua miezi, ati bila wewe yeye hataweka sahihi kwenye mkataba wa huduma. Sasa mahari iko, meza iko, hata kiti—"

"Mahali!" Chepkemei akapiga kelele. "Mahali pa kazi!"

"Si ndio hiyo nasema? Mahari."

Alicheka akilia, akilia akicheka, na Bwana Mukhisa akamsogezea maji bila kuelewa lolote.

Lakini safari ya Bungoma ilimtia hofu mpya. Amemkatia simu mtu aliyempigania. Je, kama naye amechoka? Alivaa gauni la kijani ambalo Wakhungu alilisifu siku moja, akaingia ofisi mpya iliyonukia rangi. Wakhungu alikuwa amepiga magoti nyuma ya seva, akifunga nyaya. Alikuwa amekonda. Alipomwona akasimama, bisibisi mkononi, asijue pa kuiweka.

"Nilidhani unaoa," Chepkemei akasema. "Nilisikia mahari."

Wakhungu akakunja uso, akafikiri, kisha akashika kichwa. "Woi! Kwa hivyo siku zote hizo, mimi nakuambia ni mahari nzuri..."

"Nzuri sana. Umeipigania."

Hawakucheka mara moja. Kwanza Wakhungu alimshika mkono.

"Nimekaa na hofu, Chepkemei. Nilifikiri umeona heri Kitale kuliko mimi." Akamvutia kiti. "Keti, mkubwa wa ofisi. Seva inataka neno la siri. Nimetafuta moja ambayo haina r, haina l. Hakuna mtu wa Bungoma ataikosea."

"Lipi?"

"Ndoa yetu. Andika pamoja, bila nafasi."

Seva ikavuma chini ya meza.

"Na mahari?" Chepkemei akauliza polepole.

"Ile ya ng'ombe," akasema. "Nitaileta kwa baba yako mwenyewe. Si ile ya kukaa."

Chepkemei akaandika, herufi moja moja. Kioo cha kompyuta kikamjibu kama kinavyomjibu kila mtu anayeweka neno jipya: *Andika tena kuthibitisha.*

Akaangalia kioo, akamwangalia Wakhungu, kisha akaandika mara ya pili.