Homa ya Uongo

— Usipande leo, mpenzi.

— Nisipopanda, hospitali italala gizani.

Fundi umeme alikuwa ameshafunga mkanda wake wa kazi. Mchumba wake, mshona nguo, akaziba mlango.

— Wametega bomu chini ya nguzo. Wanawasubiri nyie mafundi.

— Nani kakwambia?

Akampa simu. Namba ngeni: "Mwambie shemeji asiende nguzoni. Usijibu."

Mshona nguo ana kaka mmoja tu. Alikimbilia porini na waasi walipofukuzwa mjini. Mji ulikombolewa, ila nguzo hazikuacha kulipuliwa.

— Kumbe yu hai, fundi akasema.

Kidole chake kikateremka kwenye kioo. Palikuwa na ujumbe mwingine, wa mwezi uliopita. Maneno yale yale.

— Siku ile ulitetemeka kwa homa, nikabaki kukuuguza.

— Niliogopa kukupoteza.

— Mwenzangu akaenda peke yake, akalipuliwa! Tena alipita hapa kukuletea machungwa!

— Ningesema, wangejua nani kanionya. Wangemchinja kaka.

— Kwa hiyo ukachagua wa kufa.

Fundi akawapigia wanajeshi. Bomu likakutwa pale pale.

— Namba yake utawapa?

— Ni kaka yangu, jamani.

— Na yule aliacha mke. Sikuoi huku nikimkwepa mjane njiani.

Mshona nguo akalia mpaka sauti ikakauka. Kisha akawapa namba. Jioni hiyo wakaenda kwa mjane.

— Mbona mmenyong'onyea hivyo? Karibuni, chai bado ya moto.

— Dada, usinimiminie kwanza.

Akasema yote. Mjane akasikiliza, birika mkononi.

— Aliniambia una homa, mjane akasema. Akataka nikupikie uji. Nikaupika, mdogo wangu. Ukaukuta msiba.

— Nisamehe, dada.

— Leo siwezi. Lakini oaneni. Mkiachana, atakuwa amekufa kwa ajili ya nini?

Akamimina chai, vikombe vitatu.

Siku ya harusi mjane alitangulia kufika. Alimkuta bibi harusi anatetemeka, akamfunga kilemba kwa mikono yake. Kisha akakaa mstari wa mbele. Kiti cha ubavuni mwake hakuna aliyethubutu kukikalia.

— Unakubali kumwoa? bwana harusi aliulizwa.

Macho yake yalikuwa kwenye kile kiti. Akaulizwa tena.

— Ninakubali, akasema, kama anayemjibu mtu mwingine.