Hedifoni Laini

Haya yalimpata rafiki yangu mmoja, kinyozi. Alikwenda kwa binamu yake, fundi simu, kuchagua hedifoni za gemu zisizo na waya, zilizokarabatiwa. Za kwanza zilimbana masikio. Za pili zilikuwa laini kama mto, na sauti yake ilitulia kichwani.

"Chukua hizo, ndugu yangu," binamu alimwambia, bila kumtazama usoni.

Nyumbani kinyozi alifunga mapazia, akazivaa. Kabla hajaziwasha, akasikia mtu akinong'ona mle masikioni: "Nimekuletea mwingine. Sasa niache mimi."

Ilikuwa sauti ya binamu yake, waliyelala naye kitanda kimoja utotoni. Moyo ulimuuma hata kabla ya kuogopa.

Kisha mle mle masikioni, mtu mwingine akashusha pumzi, taratibu, kama aliyeridhika.