Nyongeza ya Mzee Abdulswamad

Umeme ulikatika Magomeni saa nne asubuhi, na mpaka adhana ya magharibi ulikuwa haujarudi, lakini skuta ya Badria ilikuwa imejaa chaji. Aliiona kwa macho yake alipotoka uani kuanua nguo: taa ya kijani inawaka, mistari mitano yote imesimama, na waya wa kuchajia bado umekunjwa ndani ya mfuko wake wa nailoni. Badria akacheka. Vitu vya siku hizi! Akabeba nguo zake, akaingia ndani kupika.

Ilikuwa siku ya pili tu tangu ainunue. Na jinsi alivyoinunua, jamani, ngoja niwaambie, maana balaa lote aliliita kwa ulimi wake mwenyewe.

Badria alikuwa akipika chapati na maharage na kuwapelekea watu wa madukani Kariakoo. Bodaboda walikuwa wanammaliza kwa nauli, ndipo akaamua kutafuta skuta ya umeme, isiyojua petroli, imbebe yeye na ndoo zake, na asubuhi impeleke Sitara shule. Sitara alikuwa na miaka sita. Badria alizika watoto wawili kabla ya kumpata huyu, kwa hiyo mkisikia anamwita "roho yangu", msidhani ni maneno ya mapenzi tu. Alikuwa anamaanisha.

Alizunguka Kariakoo siku mbili, mtoto mkononi. Ya kwanza betri yake ilikuwa ya asidi, nzito kama mfuko wa saruji. Ya pili inakwenda mbali, ila kiti cha nyuma hata paka hatoshi. Ya tatu aliikuta kwenye kiduka chembamba nyuma ya wauza mapazia, kwa mzee mmoja mwenye kanzu iliyofifia, Abdulswamad. Skuta ilikuwa nzuri hasa. Betri ya lithiamu, unaichomoa na kuchajia ndani, kilomita sitini bila wasiwasi. Sitara akapanda nyuma, akaanza kuchezesha miguu, visigino vikigonga bodi, ti, ti, ti.

"Bei nimeshakupunguzia, mwanangu," alisema mzee. "Ichukue."

"Haya, na nyongeza yangu?"

"Nyongeza sina."

"Kariakoo hii hii, mzee wangu? Hata muuza nyanya ananiongezea moja! Bila nyongeza mimi naondoka."

Mzee akamtazama Sitara pale juu ya kiti.

"Ninayo moja," akasema kwa sauti ndogo. "Nakushauri usiitake. Hairudishwi."

"Lete tu, bwana!"

Akaenda nyuma ya pazia, akarudi na kofia ngumu ya mtoto, ya rangi ya waridi, imeshika vumbi. Ilikuwa inanuka asumini iliyoozea kwenye maji.

"Nani anaipokea?"

"Si huyu hapa mwanangu. Sitara, mama, nyongeza yako hiyo."

"Aseme mwenyewe," mzee akanong'ona.

"Sema nimepokea, roho yangu."

"Nimepokea," alisema Sitara, akaivaa.

Mzee Abdulswamad akaanza kulia. Hakuhesabu hata fedha. Mchana kweupe, duka limejaa bidhaa, akateremsha mlango na kufunga kufuli, na Badria akaenda zake akifurahia kwamba amejua kubishana bei.

Siku ya tatu wakielekea shule, Sitara akasema, "Mama, mwambie asogee. Ananibana."

"Nani anakubana?"

"Bibi wa nyuma."

Badria aligeuka. Kiti kilikuwa kimebonyea mbele, alipokaa mtoto, na kilikuwa kimebonyea tena nyuma yake, pasipo na mtu. Akasema ni sponji mbovu. Moyoni hakuamini, ila alikuwa na oda ya chapati arobaini.

Kuanzia hapo mtoto akaanza kupoa. Sizungumzii homa, homa ingekuwa nafuu. Alikuwa anapoa kama chai iliyosahaulika. Zahanati walimpima malaria, wakapima damu, wakapima kila kilichopimika, hawakuona kitu. Siku ya saba hakuweza kuinuka. Scholastika, mpangaji wa chumba cha pili, alileta mablanketi yake yote mawili, na bado vidole vya Sitara vilikuwa baridi. Skuta nayo ilikuwa haijachajiwa hata mara moja, na kila siku ilikuwa imejaa.

Siku ya nane, saa saba mchana, nyumba kimya, jua limesimama juu ya bati, Badria akiwa amekaa kitandani na kichwa cha mwanawe mapajani, akasikia kutoka uani, ti, ti, ti, visigino vikigonga bodi. Akainuka, akasogeza pazia la mlango, akaiona skuta peke yake chini ya kamba ya nguo, kiti cha nyuma kimebonyea, mistari ya chaji imebaki mitatu, na ndani, nyuma ya Badria, mtoto akavuta pumzi kwa shida, na mstari wa nne ukawaka, akavuta nyingine, fupi zaidi, na wa tano ukawaka, na ile harufu ya asumini mbovu ikaingia chumbani taratibu, ikampita yeye, ikaenda moja kwa moja mpaka kitandani, godoro likashuka kando ya Sitara kama mtu anapokaa, na mtoto, macho yamefumbwa, akasema kwa adabu, "Shikamoo bibi."

Badria alipiga ukunga mtaa mzima ukasikia.

Alikimbia Kariakoo bila viatu. Duka lilikuwa limefungwa. Muuza mapazia akamwambia mzee amehama. Alimzika mjukuu mwezi uliopita, na alikuwa amebakiwa na wengine wawili.

Scholastika ndiye aliyemwita Hajira. Huyu alikuwa muuza mitumba wa Mchikichini, mwanamke mnene wa maneno machache, ambaye hakuwahi kufungua robota la nguo kabla ya kulifukiza ubani, kwa sababu, alisema, si kila nguo huja peke yake. Wenzake walimcheka, kisha wakamwita mambo yalipowafika. Aliifukiza skuta, akasoma, akanyunyiza maji ya mwarobaini. Taa ya kijani haikutikisika.

"Huyu hatoki," alisema, jasho likimtiririka. "Wengine huja wenyewe, ninawafukuza. Huyu alitolewa, akapokelewa. Nani alisema nimepokea?"

"Mtoto," Badria akanong'ona. "Nilimfundisha mimi."

"Ya Rabi."

"Niichome moto?"

"Atatafuta kiti kingine, na mtoto yuko karibu. Sikiliza. Mtoto alisema nimepokea, sasa aseme nimeuza. Lakini lazima awepo wa kununua, tena ajue anachonunua. Na aliyenunua kwa kujua, akifa bila kumuuza, huyu anakufa naye."

"Yule mzee hakuniambia!"

"Alikwambia usiitake."

Badria akafungua pindo la kanga, akatoa sarafu ya shilingi mia mbili, akaiweka kwenye kiganja baridi cha mwanawe.

"Badria, usifanye hivyo," alisema Scholastika. "Mtoto utamwacha na nani?"

"Nimezika wawili, dada. Wa tatu simpeleki makaburini. Sitara, roho yangu, niuzie nyongeza yako."

Midomo ya mtoto ilikuwa ya kijivu. "Na bibi?"

"Na bibi."

"Nimekuuzia."

"Nimenunua. Na ninajua ninachonunua."

Godoro likainuka. Badria akahisi mikono miwili myembamba ikimzunguka kiunoni kutoka nyuma, taratibu, kama abiria anayejiweka sawa kabla ya safari. Saa ile ile Sitara akaomba uji.

Sasa hivi mtoto anakimbia uani na kugombana na wenzake, na shule huenda kwa miguu na Scholastika. Badria anageuza chapati kwa vidole vitupu vilivyopoa, na moto hausikii tena.

Juzi alisimama Msimbazi kushusha ndoo, akaja mama mmoja kijana ameshika kitoto cha kiume.

"Mambo, dada! Skuta nzuri hiyo. Nimezunguka siku tatu sijaona kama hii. Huiuzi?"

Mikono ikambana mbavu. Asumini mbovu ikampumulia sikioni: "Muuzie."

"Nitakupa bei nzuri," mama yule aliendelea, akiitazama kofia ya waridi iliyoning'inia kwenye usukani. "Ila na hiyo kofia uniongezee, ya mwanangu."

Wallahi, Badria alitamani. Alimfikiria Sitara siku atakapobaki bila mama, na mdomo ulishafunguka. Kisha kile kitoto kikatazama kiti cha nyuma, kikajificha ndani ya kanga ya mama yake.

"Haiuzwi," alisema. "Na wewe, mdogo wangu, ukinunua ya kwako, usidai nyongeza."

Akawasha, akaingia barabarani, visigino vikigonga bodi kwa hasira, ti, ti, ti, mistari mitano yote imewaka.

"Gonga tu," Badria akasema bila kugeuka. "Huna pa kushukia. Siku nikishuka mimi, tunashuka wote."

Visigino vikanyamaza.