Mgongo wa Niyonsaba

"Simama umbebe, wageni waone," mama Ildefonsa alisema, akimnyooshea mkwe wake ile ngozi ya kondoo.

Niyonsaba hakunyoosha mkono kuipokea. Alikuwa ameketi kwenye mkeka katikati ya ua, mtoto wake Kwizera mapajani. Watu wa Murusagamba waliokuja kumwona mtoto walikuwa wamemzunguka, vibuyu vya pombe ya ndizi vikisubiri. Desturi ya ukoo ule ilikuwa hiyo. Siku mtoto anapotolewa nje, bibi yake humkabidhi mama ngozi ya kubebea, ingobyi. Mama humfunga mtoto mgongoni, hutembea naye hadi migombani na kurudi. Hapo ndipo watu hunywa.

"Nitambeba mikononi, mama."

"Mikononi hubebwa mgonjwa."

"Mgongo unaniuma."

"Ngozi hii ilimbeba Philbert. Ilimbeba na marehemu kaka yake. Leo imekosa nini?"

Leonidasi, mwenye duka, akasafisha koo.

"Tumwache, mama Philbert. Labda ng'ambo huko kwao Burundi watoto wanabebwa kichwani, kama mtungi."

Ua mzima ukacheka. Philbert, mume wa Niyonsaba, akacheka nao kidogo. Niyonsaba alikiona kicheko kile.

Wageni walipoondoka, Philbert alimfuata jikoni.

"Umeniaibisha mbele ya ukoo wangu."

"Na wewe ulicheka."

"Nilicheka kwa aibu. Niyo, picha ya hospitali ilionyesha nini? Mifupa mizima. Daktari alikuambia ukiwa unamsikia."

"Nilimsikia."

"Unachota maji, unabeba kuni, unalima. Mgongo huo huo. Sasa kinachouma ni nini?"

"Kuni hazipumui," Niyonsaba alisema.

Philbert hakumwelewa. Hakuuliza.

Daktari yule wa picha ndiye aliyewaelekeza kwa Leonsia. Alikuwa mwanasaikolojia, mwenyeji wa Runazi kule Biharamulo, na kila Alhamisi alifika kwa pikipiki kwenye zahanati yao. Ulikuwa ule mwaka Warundi walipokuwa wanarudishwa kwao kwa malori, na wengi waliomjia walikuwa watu wa kambi ya wakimbizi. Wenyeji walimwita daktari wa maneno. Walisema hana hata sindano.

Alhamisi iliyofuata Philbert aliachwa nje kwenye benchi. Ndani, Leonsia alivuta kiti akaketi upande ule ule aliokaa Niyonsaba, meza ikabaki peke yake.

"Sitakuuliza kuhusu mgongo, mdogo wangu. Niambie mara ya mwisho ulipombeba mtoto."

Niyonsaba alingoja Kwizera amalize titi moja na kuanza la pili.

"Alikuwa mdogo wangu. Ineza. Usiku ule tulipokimbia, mama alinifungia mgongoni akaniambia nisimshushe mpaka tuvuke mto Ruvubu. Sikumshusha. Mvua ilikuwa inanyesha. Njiani watu waliniuliza mbona mtoto wako halii. Niliwaambia huyu ni mtulivu, amelala. Nilikuwa namsifu, dada. Nilitembea namsifu."

Leonsia hakuandika kitu.

"Mlipovuka?"

"Mama alimfungua. Akamtazama, akamfunika. Hakusema neno. Hakunilaumu mpaka kipindupindu kilipomchukua na yeye kambini. Angenilaumu, labda ningelia."

"Hukulia?"

"Tulikuwa kwenye foleni ya maturubai."

Nje mtu alikuwa anakohoa. Leonsia alingoja mpaka akamaliza.

"Mumeo anajua?"

"Hapana. Nilidhani mtu akizaa wa kwake, inaisha."

"Haikuisha kwa sababu hukuipa nafasi ipite. Maumivu yako si ya uongo hata kama picha haiyaoni. Mgongo wako bado umembeba Ineza."

"Una dawa?"

"Ya kufuta sina. Tutakwenda polepole. Ile ngozi itundike mahali unapoiona tu. Siku ukitaka kuigusa, iguse. Usimfunge mtoto mpaka mwenyewe utake. Woga ukija, mshike Kwizera mbele yako, weka mkono mgongoni mwake, umsikie anavyopumua. Na hapa kwangu utakuja unililie, foleni hakuna."

Kisha akamwita Philbert pembeni.

"Asilazimishwe kumbeba mtoto. Na wewe, usimruhusu mtu mwingine amlazimishe."

"Ana nini, dada?"

"Hayo ni yake kukuambia. Umewahi kumuuliza alivyovuka?"

"Sisi Wahangaza mkimbizi hatumuulizi hayo. Ni kumtonesha kidonda. Ni heshima."

Leonsia alimtazama.

"Heshima hiyo imemwacha peke yake," alisema.

Ngozi ikatundikwa kwenye mlango wa chumba. Alhamisi zikapita. Siku moja Niyonsaba aliigusa kwa kidole. Siku nyingine aliiweka mapajani, Kwizera akalala juu yake, naye akaweza kumaliza uji wake. Philbert aliona, akafurahi. Mama Ildefonsa aliona pia.

"Anatibiwa kwa kushikashika ngozi. Ningejua ni rahisi hivyo, ningefungua hospitali."

Mahindi yalipokauka, Philbert alikwenda Runazi kununua ya kuuza. Huko ndiko ujumbe wa mama yake ulikomkuta, umeandikwa na Leonidasi kwa simu ya dukani.

"Philbert mwanangu, watu wanatucheka. Mkeo anaiangalia ngozi kama nyoka. Malori ya Warundi yanaondoka. Mke asiyebeba mtoto arudi kwao, mtoto abaki. Au niache mimi nimfundishe. Mama."

Philbert aliusoma akiwa amesimama kati ya magunia. Aliandika kwamba Leonsia alikataza. Akafuta. Aliandika kwamba angerudi wiki ijayo waongee. Akafuta. Kisha akatuma:

"Mama fanya unavyoona. Mimi nataka amani."

Asubuhi iliyofuata Niyonsaba alikuwa anapalilia maharage, ameinama. Mama Ildefonsa alikuja nyuma yake na jirani mmoja, mtoto mikononi. Alimlaza Kwizera mgongoni mwa mama yake, jirani akavuta mikanda ya ngozi, wakaikaza kifuani kabla hajainuka.

"Sasa tembea. Utazoea kama wenzako."

Niyonsaba hakutembea. Alisimama na jembe mkononi kama mtu aliyesikia anaitwa kutoka mbali. Kwizera alilia, akatikisa miguu, halafu joto la mgongo likamshinda akalala.

"Mama, mfungue. Hapumui."

"Amelala."

"Neno hilo nalijua, mama. Nilikuwa nalisema mimi. Mfungue."

Jirani ndiye aliyemfungua, maana aliogopa uso ule. Niyonsaba alimnyakua mtoto akakimbia naye hadi zahanati akisema amekufa, amekufa. Waliokuwa kwenye benchi walicheka. Muuguzi alimshika mabega.

"Mama Kwizera, mtoto anakulilia sikioni. Msikie."

Hakumsikia. Ilichukua muda mrefu kabla ya kumsikia.

Aliporudi alipita dukani. Mama mkwe wake alikuwa hapo, anamsimulia Leonidasi.

"Philbert akirudi nitamwambia ulichofanya, mama."

"Mwambie. Leonidasi, msomee alichoandika mumewe."

"Mama Philbert, haya ni ya nyumbani kwenu."

"Nimesema msomee."

Leonidasi alisoma. Safari hii hakuongeza mzaha wake. Niyonsaba aliomba arudie yale maneno machache, naye akarudia.

"Asante, kaka Leonidasi," alisema.

Nyumbani alimwogesha mtoto, akamnyonyesha mpaka akashiba, kisha akamweka mikononi mwa bibi yake.

"Mikono yako ni salama, mama. Mgongo wangu unaua."

Akachukua kadi yake ya zamani ya kambi na kitenge kimoja, akaondoka. Mama Ildefonsa alibaki mlangoni na mtoto. Alikuwa amelitaka hilo kwa mdomo wake mwenyewe, na sasa hakujua aite au anyamaze.

Kesho yake, Alhamisi, Leonsia alisubiri, kisha akauliza, kisha akapiga simu.

"Philbert, uko wapi?"

"Runazi, dada. Kwenu huku. Mahindi mwaka huu—"

"Mkeo yuko kambini. Amejiandikisha kurudi Burundi. Lori linaondoka kesho."

Philbert aliweka chini kamba ya kufungia magunia.

"Uliandika nini kwenye ule ujumbe aliosomewa dukani?"

"Niliandika nataka amani."

"Umeipata?"

Philbert aliketi juu ya gunia.

"Nifanye nini, dada Leonsia?"

"Mimi namsikiliza saa moja kwa wiki. Ninyi mko naye siku zote. Saa yangu moja haiwezi kushindana na nyumba nzima. Njoo. Na usije na maneno mengi."

Alifika Murusagamba alfajiri, juu ya lori la mihogo. Mama yake alikuwa ameshakesha na mtoto anayelia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Amekataa maziwa ya ng'ombe. Anatapika tu."

Philbert alitungua ngozi mlangoni, akageuka, akainama mbele ya mama yake.

"Nifunge."

"Mwanamume? Philbert, watakucheka mpaka kaburini."

"Hata mimi nilicheka. Nifunge, mama."

Mama Ildefonsa alimlaza mjukuu kwenye mgongo ule aliowahi kuubeba mwenyewe, akakaza mikanda. Alitaka kusema jambo la kumpelekea Niyonsaba, akakosa mahali pa kulianzia.

Kambini watu walikuwa wanapakia masufuria na magodoro. Wanawake walipomwona mwanamume na mtoto mgongoni waliitana waje watazame.

"Jamani, huyu amejifungua lini?"

Niyonsaba alikuwa ameketi juu ya kifurushi chake, kifua cha gauni kimelowa maziwa. Alimtazama Philbert, akatazama chini.

"Nani amekufunga?"

"Mama."

"Mshushe anyonye."

Alimshusha. Kwizera alinyonya kwa hasira. Philbert alichuchumaa kando.

"Uliandika afanye anavyoona," Niyonsaba alisema.

"Ndiyo."

"Wewe uliona nini?"

"Sikutaka kuona. Niyo, sijawahi kukuuliza ulivyovuka. Nakuuliza leo."

Alimwambia. Alimwambia bila kulia, kama mtu anayesoma barua ya mwingine: mvua, njia, watu waliouliza, jinsi alivyomsifu. Alikumbuka ua uliojaa wageni, na kicheko chake.

"Ineza," alisema mwisho. "Nyumbani hatujawahi kulitaja jina hilo."

"Nikirudi sitapona, Philbert. Leonsia mwenyewe hana dawa ya kufuta."

"Najua."

"Mama yako atasema."

"Atasema."

"Na mgongo utauma."

"Nitambeba mimi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka atembee."

Karani aliyesimama juu ya lori alianza kuita majina. Alipofika kwa Niyonsaba aliita, akangoja, akaita tena. Mwanamke mmoja aliyeketi kwenye magodoro aliwatazama wale watatu chini.

"Huyo hayupo," alimwambia karani. "Endelea."

Niyonsaba mwenyewe alimfunga mtoto, kwenye mgongo wa Philbert. Alikaza mikanda hadi ule wa mwisho. Walitoka wakaishika barabara ya vumbi, Philbert mbele, yeye nyuma. Vijana wa baiskeli walipiga miluzi.

Kwizera alilia kidogo, akanung'unika, kisha akanyamaza.

Philbert alisimama. Aligeuza shingo upande mmoja, akageuza upande wa pili, lakini hakuweza kumwona. Alihisi uzito tu, uliotulia kupita kiasi. Kwa mara ya kwanza alijua jinsi mtu anavyoweza kutembea na mtoto mgongoni asijue amebeba nini.

"Niyo," alisema. "Anapumua?"

Niyonsaba alikuja karibu. Aliweka kiganja chake juu ya ngozi, akakiacha pale, akasikiliza kwa mkono. Barabara nzima ilikuwa kimya. Hapo ndipo machozi yalipomjia, yale ya kwenye foleni ya maturubai, na hakuyazuia.

"Anapumua," alisema. "Twende."

Hawakufika mbali Philbert akauliza tena. Naye akamjibu tena, na mkono hakuuondoa.