Glavu za Melkiori

"Lori linaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi, Mkuu."

"Lisiondoke. Tumepata jina. Ni mzee Naftali."

Simu ikakatwa.

Felista akatazama Seiko yake. Saa tisa na nusu. Mapipa kumi na mawili ya dawa ya josho, ya kuogeshea ng'ombe, yalingoja katika maabara ya mifugo, mjini Singida, kwenda kijiji cha ujamaa cha Mtinko. Idara ya usalama ilinusa sumu ndani yake. Vibaraka wa wakoloni wa kusini walitaka ng'ombe wafe, na wanakijiji waichukie serikali yao. Mwaka ule wa 1974 njaa ilikuwa tayari mlangoni. Kijiji kisicho na ng'ombe kingekula nini?

Siku tatu Felista alikuwa humo maabarani kama msaidizi mpya, bastola ya Walther PPK kiunoni.

Naftali, msimamizi wa maabara, alimtia shaka tangu mwanzo. Bila koti, glavu na miwani, mzee hakuruhusu mtu kuingia. Funguo zote alibeba yeye. Anaficha nini?

Mkemia Melkiori alikuwa mtu wa raha zake. Mikono mitupu, sigara mdomoni. "Mzee anatulea utadhani vichanga," alizoea kusema. "Dawa ya kupe itanifanya nini?"

Felista akavaa koti, glavu na miwani, akaingia chumba cha mapipa kumtafuta Naftali.

Hakuwapo. Alikuwapo Melkiori, ameinamia pipa la mwisho.

Amevaa glavu.

Na miwani. Na aproni ya mpira hadi miguuni.

"Dawa gani hiyo, kaka?"

"Ni ileile ya jana."

"Basi vua glavu. Chovya mkono."

"Acha utani, dada."

"Chovya."

Melkiori akalitazama pipa. Hakuchovya.

Ghafla akanyakua chupa ya asidi, akairusha. Felista akainua mkono. Asidi ikaishia kwenye glavu, miwani na koti. Koti likafuka moshi. Akalivua upesi, na Walther ikatoka.

"Mikono juu!"

Polisi walipomtoa Melkiori, Naftali alikuwa mlangoni, funguo mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Ulikuja kunikamata mimi, siyo?"

"Ndiyo, mzee."

Felista aliona aibu, na hakuificha. Naftali akazitazama glavu zilizoungua mikononi mwake.

"Marahaba," akasema.

Felista akapanda Land Rover, akawasha sigara, akaondoka taratibu.