Mashine ya Kumkimbiza Mbwa

Jua lilikuwa linazama bosi mmoja aliponipigia simu. Mashine yake ya mazoezi ina matatizo, niende haraka. Mimi ni fundi wa mashine hizo, nikabeba bisibisi zangu nikaenda.

Kufika, naonyeshwa kimashine kifupi cha kukimbilia, chenye mkanda wa kuzunguka na vyuma pembeni.

"Ya mtoto hii?" nikauliza.

"Ya mbwa," akajibu, tena kwa maringo.

Nilimwangalia. Tumbo limemtangulia, anatweta kwa kutoka sebuleni tu. Mtu ana geti, ana barabara nzima huko nje, ana miguu miwili mizima, halafu ananunua mashine ya kumkimbiza mbwa ili yeye asinyanyuke kwenye kochi! Nikamdharau papo hapo, wala sikuficha sana.

"Ina nini?"

"Inajiwasha yenyewe. Kila jioni, saa kama hizi."

Nikacheka kimoyomoyo. Wenye hela bwana! Nyaya zikigusana tu, kwao ni majini.

Kilikuwa chumba kidogo kando ya jiko. Nikauliza mbwa mwenyewe yuko wapi. Bosi akajifanya anasoma simu, akatoka. Mkewe, aliyekuwa mlangoni anafuta sahani, ndiye aliyeninong'oneza:

"Alimfunga kwa kamba hapo juu, akawasha, akaenda zake harusini. Mimi nilikuwa kwa dada yangu. Alipofungua mlango kesho yake, mashine bado inakwenda... Mbwa alishakufa kitambo."

Dharau yangu ikageuka chuki. Nikachomoa plagi, nikailaza sakafuni, nikapiga magoti nifungue kifuniko nimalize niondoke.

Mkanda ukaanza kwenda.

Polepole kwanza. Vuuu... Nikatazama plagi. Iko pale pale sakafuni.

Kisha nikasikia kucha.

Ta-ta-ta-ta... juu ya mkanda mtupu. Na kuhema. Na harufu ya manyoya yaliyolowa, nzito, imejaa chumba kizima. Nikarudi kinyumenyume hadi mgongo ukagonga ukuta.

"Fundi gani wewe!" bosi akafoka, akiingia. "Mtu mzima unaogopa mashine?"

Akainua mguu aipige teke.

Ile kamba ya mbwa, iliyofungwa kwenye chuma cha mbele, ikajizungusha mkononi mwake. Niliiona kwa macho yangu. Ikakaza, ikamvuta juu ya mkanda.

Akaanza kukimbia.

Tumbo linaruka, kandambili zimemtoka, macho yamemtoka pia. "Zima! Zima!" Nizime nini? Nikamshika shati, nikavuta.

"Mama, njoo tusaidiane!"

Yule mama akaweka sahani chini. Akajifuta mikono, kidole kwa kidole.

"Mwache kidogo," akasema.

Nilivuta peke yangu hadi kamba ikang'oka kwenye chuma, tukaanguka wote wawili. Mashine ikanyamaza. Nyayo za bosi zilikuwa zimechubuka hadi nyama. Nikajaribu kumkatia ile kamba mkononi, kwa kisu, kisha kwa koleo.

Haikukatika.

Wiki iliyopita nilimkuta barabarani, mbali sana na kwake. Amekonda. Mkono mmoja unashikilia suruali isianguke. Mwingine umenyooka mbele, kamba imekaza, na mwisho wa kamba hakuna kitu. Kwa majirani ni sifa tupu, eti siku hizi bosi anafanya mazoezi.

"Fundi," akaninong'oneza bila kusimama, "nisaidie... Hataki turudi nyumbani."

Nilimpandisha na kumshusha kwa macho.

"Kazi yangu mimi ni mashine," nikamwambia. "Na mbwa wako malizaneni wenyewe."

Akapita, anaburutwa, analia kama mtoto. Nikasimama namtazama, nimeridhika kabisa.

Ghafla kamba ikalegea. Bosi akasimama.

Na kitu cha baridi, chenye unyevunyevu, kikanigusa kiganja. Kikaninusa taratibu, kidole kimoja baada ya kingine...